Mstari mweusi kwenye picha ya mkono

Mwanangu wa kwanza alikuwa darasa la pili alipoteleza kutoka juu ya mparachichi nyumbani kwa bibi yake, nje kidogo ya Tukuyu, akaangukia mkono wa kushoto. Mama mkwe wangu aliufunga mkono kwa vipande vya ubao na khanga, kwa ustadi ambao daktari aliusifu baadaye, nasi tukapanda gari kwenda Mbeya kupitia Uyole huku mvua ikinyesha.

Daktari alipoitundika picha ya eksirei mbele ya taa, niliona majeraha mawili. La kwanza lilikuwa katikati ya kigasha, ambako upande mmoja wa mfupa ulikuwa umechanika na upande wa pili umepinda tu, kama kijiti kibichi kinapokunjwa. La pili lilikuwa karibu na kifundo cha mkono, nalo ndilo lililonitia hofu: mstari mweusi ulioukata mfupa kutoka ukingo hadi ukingo, kiasi kwamba ncha ilionekana kuelea peke yake.

“Hapo hapajavunjika, Baba,” alisema. “Hilo ni gegedu, tishu imara lakini laini kuliko mfupa, kama ile ya sikio, na gegedu halionekani kwenye eksirei. Ndipo mfupa unapokulia.”

Alinieleza kwa utulivu ambao ninaushukuru hadi leo. Mfupa mrefu wa mtoto haurefuki katikati. Hurefuka kwenye mabamba ya gegedu yaliyo karibu na ncha zake, ambako seli hugawanyika na kujipanga safu kwa safu, kisha mfupa hushika nafasi ya gegedu. Bamba nililoliogopa ndilo huleta takriban robo tatu ya urefu wa mfupa ule, nalo hufunga ujana unapoelekea ukingoni. Kuhusu ule mpindo, alisema kwamba mfupa ni nyuzi za kolajeni zilizoshikana na madini ya kalsiamu na fosfeti: nyuzi huupa unyumbufu, madini huupa ugumu, na katika utoto madini hayo bado ni machache kuliko ya mtu mzima. Utando unaoufunika nao ni mnene zaidi, ndiyo maana upande mmoja ulikuwa umehimili.

Hogo la plasta alilofungwa mkononi lilipokatwa, bibi alipapasa mkono wa mjukuu wake, akagusa uvimbe mgumu na kuuliza kama mfupa umeungwa vibaya. Daktari alimjibu, “Hapana, Mama. Huo ni mfupa mpya uliozunguka mahali palipovunjika. Kuna seli zinazojenga na seli zinazomega; zitauchonga polepole mpaka unyooke.” Kisha akamsihi aendelee kumpa mtoto maziwa, na usipa wa Ziwa Nyasa wanaoliwa pamoja na miiba yao, kwa sababu kalsiamu ya kujengea lazima itoke kwenye chakula.