Nchi 128, kwa hesabu yangu mimi

Nina daftari lenye safu tatu. Ya kwanza ni ya nchi zilizo hai, zile 193 zenye kiti Umoja wa Mataifa. Ya pili ni ya marehemu: Umoja wa Kisovieti, Yugoslavia, Chekoslovakia, Ujerumani Mashariki. Ya tatu nimeipa jina "wengineo", na humo nimewarundika Jersey, Gibraltar, Hong Kong, Macau na kila mahali panapotoa sarafu zake pasipo kuwa nchi kamili. Lengo langu ni jepesi kulitamka: sarafu moja kutoka kila nchi duniani. Leo safu ya kwanza imefika 128. Tatizo ni kwamba kila nikimweleza mkusanyaji mwenzangu hiyo 128 nimeipataje, tunaishia kubishana.

Yote yalianza na kopo. Marehemu baba mdogo alikuwa baharia, na chenji zilizombakia mifukoni kila bandari alizimimina humo bila kupanga. Nilipolirithi nikadhani kazi ni ya jioni moja: kusoma jina la nchi, kuandika, kumaliza. Sarafu ya kwanza kuitoa ilikuwa na kichwa cha mwanamke na maneno CONFOEDERATIO HELVETICA. Nikaitafuta Helvetia kwenye ramani mpaka macho yakaniuma. Kumbe ni Uswisi. Wana lugha nne rasmi, na ili asinung'unike mtu wakaandika kwa Kilatini, ambacho si lugha ya yeyote kati yao. Sura ya sarafu hiyo, rapeni 10 (rapeni ni senti ya Uswisi), haijabadilika tangu 1879, na ukiokota ya mwaka huo bado unaruhusiwa kulipia nayo. Baada ya Helvetia nikazoea: Suomi ni Ufini, Shqipëri ni Albania, Magyar ni Hungaria, na ΕΛΛΑΣ ni Ugiriki.

Majina ni afadhali. Miaka ndiyo iliyonitoa jasho. Nilijifunza tarakimu za Kidevanagari kwa ajili ya sarafu moja tu ya Nepali, nikazisoma moja moja kwa fahari, nikapata 2051. Nikazisoma tena. 2051. Nikabaki nimeduwaa na sarafu ya kesho kutwa mkononi, imechakaa kabisa. Baadaye ndipo nikajua kuwa Nepali huhesabu kwa kalenda ya Bikram Sambat, iliyotangulia ya kwetu kwa miaka 57 hivi, kwa hiyo ile ilikuwa ya 1994. Thailand wametangulia kwa 543. Ethiopia wako nyuma yetu miaka saba au minane: sarafu yao yenye simba, iliyoandikwa 1969 kwa tarakimu za Kige'ez, kwetu ni 1977. Japani wao wanahesabu miaka ya utawala wa mfalme, basi mwaka wa 50 wa Showa, yaani enzi ya mfalme Hirohito, unaongeza 1925, unapata 1975. Na yeni 5 yao, ile ya njano yenye tundu, haina tarakimu hata moja ya aina tunayoitumia sisi; thamani na mwaka vyote vimeandikwa kwa herufi zao. Nilikaa nayo miezi nikidhani ni ya Uchina.

Katika kopo lile kulikuwa na robo ana (ana ni sehemu ya kumi na sita ya rupia) ya 1835, ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, shaba nene iliyoiva ikawa na rangi ya kahawa. Ndiyo iliyokuwa kongwe kuliko zote nilizokuwa nazo. Nikaona aibu kuiweka chafu vile kwenye albamu, nikailoweka kwenye siki na chumvi. Ilitoka ya waridi kama goti lililochubuka. Ule weusi niliouita uchafu ndio uliokuwa ngozi yake, nayo ilikuwa imeiota kwa karibu miaka mia mbili. Mimi niliimaliza kwa robo saa. Hairudi. Niliyemwonyesha kwanza alinitazama tu, akaniuliza kama nina nyingine nilizoziosha. Nilikuwa nazo.

Nimeibakiza ukurasa wa kwanza, na sasa siku hizi sigusi kitu zaidi ya kushika sarafu ukingoni.

Sasa, kanuni. Ukitaka sarafu za nchi nyingi bila kanuni, mwaka mmoja unatosha, maana ziko nchi zinazokodisha jina lao kwa sarafu ambazo raia wake hawajawahi kuziona. Mwaka 2004 zilitoka sarafu zenye jina la Somalia zilizokatwa kwa umbo la gitaa. Gitaa! Kanuni yangu kuu basi ni kwamba sarafu iwe iliwahi kununua kitu mkononi mwa mtu wa kawaida. Umbo peke yake halinisumbui. Visiwa vya Cook wana dola 2 yenye pembe tatu, na watu wameitumia kweli, ikaingia mifukoni na kutoboa bitana, basi imeingia na kwenye safu ya tatu bila maswali.

Kanuni ya pili ni jina la nchi lionekane au ijulikane pasipo shaka. Hapa ndipo ugomvi ulipo. Nchi nane za Afrika Magharibi zinatumia faranga ya CFA ya benki kuu moja: Benin, Burkina Faso, Côte d'Ivoire, Guinea-Bissau, Mali, Niger, Senegal na Togo. Sarafu zao ni zilezile, na zina picha ya samaki mwenye pua ya msumeno, iliyotokana na vijiwe vya mizani ambavyo Waakan, watu wa Ghana na Côte d'Ivoire, walipimia vumbi la dhahabu. Ni picha nzuri kuliko wafalme wengi niliowapanga kwenye albamu, lakini haikuambii imetoka Dakar au Lomé. Mimi nikaiandika kama nchi moja. Nchi sita za Afrika ya Kati zenye faranga yao nazo nikazihesabu moja, na zile sita huru za dola ya Karibi Mashariki nazo moja.

Rafiki yangu ninayebadilishana naye kwa posta alikataa katakata. Kwake samaki mmoja ni nchi nane. Akanipigia hesabu: nchi kumi na saba za bure, nimezikataa kwa ukaidi. Nikamjibu kwamba kwa mtindo huo dola moja ya Marekani ingempa Ekuado, Panama, Timor Mashariki na Palau kwa mkupuo. Akaniuliza, mbona yuro unazihesabu kila nchi peke yake? Hapo nilikuwa na jibu, kwa sababu yuro ina upande wa pamoja na upande wa taifa: Ujerumani wameweka tai kwenye yuro moja, Ufini ndege wawili wakiruka. Alipuuza. Mpaka leo barua zake huishia na swali, "Wangapi? 128 au 145?"

Lakini ubishi wake ulinifaa, kwani ulinifundisha kutafuta nyuma. Mali iliwahi kuwa na faranga yake. Kuna sarafu za alumini za 1961 zenye jina la Mali waziwazi, na sasa ninayo moja. Guinea ya Ikweta walikuwa na peseta za 1969. Guinea-Bissau walikuwa na peso. Ekuado na Timor Mashariki wanatumia dola ya Marekani, ila wana sentavo zao zinazozunguka sambamba nayo, na Panama wana sarafu za balboa zenye ukubwa uleule wa za Marekani. Montenegro ya leo inatumia yuro bila upande wake, ila ile ya zamani ilichapa sarafu zake ziitwazo para kuanzia 1906, na hiyo ndiyo ninayoiwinda sasa. Je, ile ya mfalme wa zamani na hii ya leo ni nchi moja? Nimeamua kwamba ndiyo, kwa sababu inanifaa.

Belarus ilinifundisha subira. Ilijitenga 1991 ikaendesha mambo yote kwa noti. Sarafu za matumizi zilitoka Julai 2016, na zimeandikwa 2009! Zilichapwa zikawekwa zikingoja siku yake. Palau, Mikronesia na Visiwa vya Marshall sidhani nitazijaza kwa kanuni zangu. Zimebaki na kistari.

Kuhusu kupata sarafu zenyewe sina siri. Nyingi hutoka kwa wasafiri, na kwenye mifuko inayouzwa kwa kilo, ambamo tisa kati ya kumi utakuwa nazo tayari. Pfenigi, senti za zamani za Ujerumani, ninazo za kujazia gunia. Ukituma kwa posta, zibane kwenye kadibodi kwa gundi ya karatasi zisitembee, maana sarafu inayocheza ndani ya bahasha huichana na kutoka njiani. Nimewahi kupokea bahasha yenye tundu la duara, safi kabisa, na barua ndani ikinisifia kitu ambacho sikukiona.

Juzi mpwa wangu alikuja, ana miaka kumi. Nilimpa yeni 1 ya Japani, alumini ya gramu moja kamili, nikamwonyesha jinsi ya kuilaza taratibu juu ya maji kwenye bakuli. Ikaelea. Alirudia mara ishirini, akazama nayo hadi kiwiko, kisha akaliacha bakuli akaanza kupekua daftari.

"Mjomba, hii CCCP iko wapi?"

Nikamwambia hizo si C wala P, ni S na R za Kirusi, na nchi yenyewe ilivunjika 1991 ikawa nchi kumi na tano.

"Zote tunazo?"

"Nne hatuna. Uzbekistan, Turkmenistan, Tajikistan na Azerbaijan."

"Lakini wakati ule walikuwa wanatumia hii?"

"Walikuwa wanaitumia."

Alinyamaza. Jioni, alipokwisha kuondoka, nikalifungua daftari kuandika sarafu mpya ya Paragwai. Kwenye safu ya kwanza, mbele ya majina yale manne, kulikuwa na penseli ya kitoto: CCCP, CCCP, CCCP, CCCP. Na chini kabisa ile 128 yangu imekatwa, imeandikwa 132. Nimeuchukua ufutio mara mbili. Rafiki yangu wa posta sijamwambia.