Neno moja, vifuniko kibao

Wiki iliyopita nilienda kwa daktari wa meno kwa ajili ya gego la mwisho, chini kushoto, lilikuwa siku ya nne linanisumbua na mdomo haufunguki vizuri, hata kijiko cha uji kinaingia kwa shida. Akaangalia, akanisafisha, akaandika kwenye kadi kwamba operculum imevimba. Nikashtuka, na kilichonishtua ni hilo neno. Mi nafanya kazi maabara, nalijua miaka mingi, ila nalijua kwa konokono na kwa mayai ya minyoo. Limefikaje mdomoni mwangu?

Daktari akanieleza vizuri tu. Gego la mwisho huwa linatoka kwa kuchelewa, wengi kati ya miaka 17 na 25, na mara nyingine halina nafasi kwa hiyo linatokeza nusu, nusu nyingine inabaki imefunikwa na kipande cha fizi. Hicho kipande ndo operkulamu. Chakula kinaingia chini yake, mswaki haufiki, bakteria wanajaa, shavu linavimba. Dawa ni kusafisha pale chini, kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na likirudia rudia wanakikata hicho kipande au wanang'oa jino lenyewe.

Nilivyofika nyumbani nikakaa nalo hilo neno. Kwa Kilatini halina ukubwa wowote jamani, linatoka kwenye kitenzi operire, kufunika, na operculum ni kifuniko. Kifuniko cha chungu, cha mtungi, chochote kile. Mrumi wa kale akiwa jikoni kwake angelitumia bila kuwaza, kama vile watu wa Pwani wanavyosema kawa wakimaanisha kile kifuniko cha ukindu cha kufunikia chakula. Chuoni tulilikariri kama dua, miezi, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kutuambia "hiki ni kifuniko". Hilo linaniuma mpaka leo kwa kweli, maana ukishajua ni kifuniko kila kitu kinafunguka.

Chukua samaki. Mi nimekulia Mwanza, nimetumwa samaki tangu nikiwa mdogo, na kitu cha kwanza mama alichonifundisha ni kutoangalia ukubwa wa sato, niangalie shavu. Unaingiza kidole pembeni ya kichwa, unainua lile gamba gumu, ndani pakiwa pekundu samaki ni wa leo, pakiwa na rangi ya udongo na utelezi unamrudisha. Wauzaji wenyewe pale mwaloni wanakwambia "funua uone mwanangu". Funua! Lile gamba unalolifunua ndo operkulamu ya samaki, kifuniko cha matamvua, yale mekundu anayopumulia, na kwa samaki wa mifupa kama sato na sangara kwa kawaida limejengwa kwa mifupa minne bapa iliyopangana. Halijakaa pale kwa kulinda tu. Samaki akifungua mdomo maji yanaingia na vifuniko vimefunga, akifunga mdomo maji yanasukumwa kwenye matamvua na vifuniko vinafunguka kuyatoa, kwa hiyo mdomo na vifuniko vinafanya kazi kama pampu moja na samaki anaweza kupumua ametulia palepale. Papa hana kifuniko hicho, ndo maana ukimtazama ubavuni unaona mipasuko iko wazi, kwa wengi mitano kila upande, na wapo papa ambao lazima waogelee muda wote ili maji yapite.

Sasa konokono, hapa ndo kwangu hasa. Konokono wengi wa maji wana kisahani kidogo kigumu nyuma ya mguu, akijivuta ndani ya gamba kile kisahani kinaingia mwisho na kuziba mlango. Hiyo nayo ni operkulamu. Kwa sisi tunaohangaika na kichocho kanda ya ziwa hicho kisahani ni kitu cha maana sana, kwa sababu konokono wanaobeba kichocho huku kwetu, Biomphalaria wa kichocho cha tumbo na Bulinus wa kichocho cha mkojo, hawana kifuniko. Ukiokota konokono majini ukakuta ana kifuniko, huyo siye. Mi mwenyewe nimefundishwa hivyo nikiwa nimesimama kwenye matope na buti za mpira, na nawafundisha wanafunzi wa field hivyohivyo. Ila usiibebe hii kanuni ukaenda nayo Asia, kule konokono wa kichocho cha kwao anacho kifuniko.

Na ukirudi kwenye darubini neno linakusubiri tena. Mayai ya minyoo bapa ya ini, ile ambayo mchinjaji akipasua ini la ng'ombe anaiona imekaa kama majani, yana kifuniko kwenye ncha moja, kiluwiluwi akiwa tayari anakisukuma na kutoka. Yai la kichocho halina, lenyewe lina mwiba, wa pembeni kwa kichocho cha tumbo na wa nchani kwa kile cha mkojo, na likiingia kwenye maji linapasuka tu. Kwa hiyo mtu wa maabara akiona yai kubwa la minyoo bapa anajiuliza maswali mawili, kifuniko kipo? mwiba uko wapi? Hata yai la chawa kwenye nywele za mtoto lina kifuniko chake chenye vitundu vya kupitisha hewa.

Kuna watu wanadhani vitu vyenye jina moja lazima viwe na undugu. Hapana, hapa sikubaliani kabisa. Kifuniko cha samaki ni mfupa, cha konokono ni kitu kinachotengenezwa na mguu wake, cha jino langu ni fizi, havijatoka kwa babu mmoja. Waliovipa jina waliangalia kazi na umbo tu, kinachofunika ni kifuniko basi. Na Kiswahili ndo kinavyofanya siku zote. Mfupa wa goti tunauita pia ya goti, ile pia ya kuchezea watoto, Warumi wao waliona sahani ndogo wakauita patella, na jina hilohilo likapewa konokono fulani wa baharini anayeng'ang'ania miambani kama kibakuli kilichogeuzwa. Matamvua yenyewe ni yale yanayoning'inia kwenye pindo la kikoi. Kidaka tonge sina haja ya kukieleza!

Lililonishangaza zaidi nimelikuta kwenye ubongo. Kila upande wa ubongo kuna sehemu imejificha ndani, inaitwa insula, maana yake kisiwa, huioni mpaka uachanishe kingo za bonde kubwa la pembeni. Mimba ikiwa bado changa hicho kisiwa kiko wazi, halafu kadiri mtoto anavyokua sehemu za jirani zinanenepa na kukifunika kutoka juu na chini, na hizo kingo zinazokifunika zinaitwa operkula, yaani vifuniko, wingi. Kwenye kifuniko cha mbele upande wa kushoto ndiko liliko eneo la Broca, sehemu ya ubongo inayohusika na kutamka maneno. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Ufaransa alimpokea mgonjwa aliyekuwa anaweza kutamka karibu neno moja tu, "tan", na alipofariki akauangalia ubongo wake akakuta umeharibika hapo mbele kushoto. Yaani uwezo wetu wa kutamka maneno umekaa kwenye kifuniko, nimelifikiria hili usiku mzima jino likiuma.

Vitabu vya zamani vya ukunga navyo viliuita operkulamu ule ute mzito unaoziba mlango wa kizazi wakati wa ujauzito, ule unaotoka uchungu ukikaribia. Na nchi za Ghuba vifuniko vya konokono wa baharini vinachomwa kwenye buhuri pamoja na manukato mengine, Waarabu wanaviita kucha kwa jinsi vilivyo.

Binti yangu aliposikia haya yote akatoka nje akaniletea konokono mkubwa wa bustanini, anataka kuona kifuniko. Nikamwambia huyu hana mwanangu. Kiangazi kikikolea anajivuta ndani na kujitengenezea utando wa ute unaokauka mlangoni, anakaa hivyo hata miezi, mvua zikirudi anautoa na kutoka. Utando huo hauitwi operkulamu, wameupa jina lake, epifragamu, kwa sababu kifuniko anatembea nacho mwenye nacho maisha yake yote na huu ni wa msimu. Akauliza kwa hiyo ni pazia? Nikasema ndiyo, pazia. Akamrudisha chini ya mgomba.