Kabla ya kufungua kabureta na giaboksi ya Land Rover Series III

Malalamiko ya wenye Land Rover Series III hayapishani sana. Huyu anasema gari linakula petroli kupita kiasi na halikai sailensa (haliungurumi lenyewe bila kukanyaga mafuta) mpaka choki ivutwe, na yule anasema gia zinagoma kuingia au zinaruka zenyewe gari linapoteremka mlima. Wote wawili wakifika gereji wataambiwa jambo moja, yaani kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ishushwe au giaboksi iteremshwe. Maoni yangu ni kwamba vifaa hivi viwili hubebeshwa makosa ya vifaa vingine mara nyingi mno, na kwamba kuvifungua bila kuvichunguza kwanza kwa nje kumeharibu magari mengi kuliko umri wenyewe.

Ninayoyaeleza yanahusu gari la injini ya petroli ya silinda nne, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, ikiwa na kabureta ya Zenith 36 IV. Magari haya yalitengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1971 hadi 1985, na katika tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024 ilionekana wazi ni kiasi gani bado yanapendwa na kutumika katika nchi yetu.

Tuanze na kabureta. Kabla ya kuigusa, ni lazima moto wa plagi uwe sahihi, kwa sababu pointi za distributa (vigusanishi vinavyounganisha na kukata umeme wa plagi) zilizochakaa au kondensa iliyochoka huleta dalili zilezile za mafuta mabaya: injini inamisi, inakosa nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi. Uwazi wa pointi ni milimita 0.35 hadi 0.40, na uwazi wa valvu ni milimita 0.25. Mambo haya mawili yakishakaa sawa, ndipo mtu anapoweza kuzungumzia mafuta. Hapo nako aanzie nyuma ya kabureta, kwenye pampu ya mafuta iliyoko ubavuni mwa injini, ambayo ina kikombe kidogo chenye wavu ndani yake. Kikombe hicho kikifunguliwa katika gari lililokaa muda mrefu bila kutembea, chini yake hukutwa tope jekundu la kutu kutoka kwenye tangi, na chembe za kutu hiyo ndizo zinazofika hadi kwenye sindano ya floti (inayofunga petroli kabureta ikijaa) na kuizuia isifunge, hata petroli ikamwagika juu ya injini.

Ikiwa yote hayo ni mazima na gari bado halikai sailensa, Zenith ina ugonjwa wake wa asili ambao kila mmiliki anapaswa kuufahamu. Chini ya mfuniko wake kuna kipande cha aluminiamu kilichofungwa kwa skrubu, na ndani yake ndimo zilimo jeti, yaani vipande vyenye vitundu vinavyopima petroli. Pale kipande hicho kinapokutana na mfuniko kuna kipete kidogo cha mpira. Kwa miaka mingi ya joto, na kwa mikono ya mafundi wanaokaza skrubu kwa nguvu zote, aluminiamu hupinda na kipete hukauka, na petroli hupata njia ya kupenya mahali ambapo haikupangiwa kupita. Dalili yake haifichiki: unazungusha skrubu ya mchanganyiko ndani na nje, lakini sauti ya injini haibadiliki hata kidogo, kana kwamba skrubu hiyo haikuunganishwa na kitu chochote. Tiba yake ni ya gharama ndogo, ila inadai subira. Uso wa kipande kile na uso wa mfuniko husuguliwa taratibu juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo kinene, kisha rula ya chuma husimamishwa juu yake mbele ya mwanga hadi mwanga usipite chini ya rula. Baada ya hapo huwekwa kipete kipya na gasketi mpya, na skrubu hukazwa kwa zamu na kwa kiasi. Nimeona kabureta zilizokwisha kutupwa kando zikirudi kufanya kazi vizuri kwa njia hii pekee.

Jambo ambalo sitachoka kulikemea ni kuzibua jeti kwa waya. Tundu la jeti limepimwa kiwandani kwa sehemu ndogo sana za milimita, nayo imetengenezwa kwa shaba nyeupe iliyo laini kuliko waya wa chuma. Waya ukipita humo mara chache tu tundu linapanuka, na kuanzia siku hiyo gari litakula mafuta bila mtu kujua sababu, kwa kuwa kwa macho jeti inaonekana safi. Jeti husafishwa kwa petroli safi na upepo wa kompresa, basi. Jambo hili lina uzito zaidi kwetu tunaoishi nyanda za juu, kwa sababu kabureta haijui kupima uzito wa hewa. Hewa ya Arusha, kwenye mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa zaidi ya asilimia 10, hivyo gari lililorekebishwa vizuri pwani likipanda huku huwa na petroli nyingi kupita kiasi kwa hewa iliyopo, na plagi zake hutoka nyeusi. Jeti iliyopanuliwa kwa waya huongeza tatizo juu ya tatizo.

Chujio la hewa la gari hili hutumia bakuli la oili linalonasa vumbi. Kwa barabara zetu, bakuli hilo huhitaji kumwagwa, kuoshwa na kujazwa upya hadi alama yake mara nyingi kuliko kitabu cha kiwanda kinavyoagiza.

Upande wa gia, hakiki ya kwanza haihitaji spana hata moja. Injini ikiwa imezimwa, ingiza gia zote moja baada ya nyingine. Kama zinaingia laini, kisha ukiwasha injini na kukanyaga klachi zinagoma au rivasi inakwaruza, giaboksi haina kosa. Klachi ndiyo isiyoachia. Kinachotakiwa hapo ni kutazama silinda ya juu na ya chini ya klachi, kutoa hewa kwenye mfumo, na kubadilisha mpira wa haidroliki, ambao unaweza kuvimba kwa ndani huku nje ukionekana mzima.

Hakiki ya pili ni ya sikio. Gari likiwa linaunguruma katika nyutro na mguu haupo kwenye klachi, mlio unaosikika na kutoweka unapokanyaga unatoka kwenye beringi za ndani ya giaboksi. Mlio unaozaliwa pale unapokanyaga ni wa beringi ya klachi yenyewe.

Hakiki ya tatu ni ya pua. Chini ya nyumba ya gurudumu la injini (flaiwili) kuna tundu dogo lililoachwa makusudi ili oili inayovuja itoke badala ya kulowesha klachi. Lina kizibo chake, nacho hufungwa tu wakati wa kuvuka maji ya kina kirefu. Oili ikidondoka hapo, ipake kwenye kidole na uinuse. Oili ya gia ina harufu kali ya salfa, na maana yake ni kwamba oili sili ya mbele ya giaboksi imekwisha. Isiponuka hivyo, sili ya nyuma ya injini ndiyo inayovuja.

Giaboksi hii huchukua lita 1.5 za oili namba 90, na transfa, yaani sanduku la gia la pili linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, lita 2.5. Naomba msomaji asome maandishi ya kopo kabla ya kununua, kwa kuwa oili ya daraja la GL-5 ina kemikali za kulinda meno ya gia kwa wingi zaidi kuliko GL-4, na baadhi yake hushambulia shaba inapopata joto, ilhali ndani ya giaboksi hii kuna bushi na pete za shaba. Mimi hutumia GL-4.

Gia inayoruka nayo isihukumiwe haraka. Kila fimbo ya kuchagulia gia hushikiliwa na gololi inayosukumwa na springi, na springi ikichoka gia haina kinachoizuia mahali pake. Springi hizo hufikiwa bila kushusha giaboksi. Zikibadilishwa na gia ikaendelea kuruka, hapo ndipo kazi kubwa haiepukiki: viti na sakafu vitoke, na giaboksi pamoja na transfa yake ipitishwe mlangoni. Kwa kuwa kazi hiyo haitamaniki kurudiwa, bamba la klachi, beringi yake, sili ya mbele ya giaboksi na sili ya nyuma ya injini vinunuliwe mapema, vifungwe vyote kwa pamoja.