Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa kemia, Wete, Pemba

Saa 11:00 alfajiri. Sala, chai ya rangi, muhogo wa jana uliopashwa moto. Sina la kusimulia hapo.

Saa 12:45. Njiani karafuu zimeanikwa majamvini, harufu mpaka kooni. Msimu huu darasa langu husinzia. Watoto wamechambua karafuu usiku kucha, vidole vina rangi ya makonyo (vikonyo vya karafuu), na bado tunashangaa mtu akilia kwa swali dogo.

Saa 2:00. Vipindi viwili vya maabara, Kidato cha Nne. Mtihani wa taifa ni Novemba na kila mtu anaujua. Leo ni taitresheni, kupima asidi kiasi gani inaimaliza besi: asidi kwenye bureti (mrija wa kioo wenye vipimo na koki), besi kwenye chupa, methili orenji ya kuonyesha rangi, matone mawili. Unafungua koki kidogo kidogo mpaka manjano igeuke rangi ya chungwa. Tone moja tu likizidi, imekupita.

Binti mmoja wa meza ya nyuma ikampita. Si kwa tone, kwa mchirizi mzima. Chupa ikawa nyekundu. Nikamuona anaangalia kulia, anaangalia kushoto, kisha kalamu inashuka kwenye karatasi: 22.40. Namba ya jirani yake.

Zamani ningempigia kelele mbele ya wenziwe. Nilimfanyia hivyo kijana mmoja, muhula uliofuata akahamia sanaa. Kichwa cha kemia alikuwa nacho, mimi ndiye nilimvunja moyo. Leo nikainama mezani.

"Imekupita?"

"Imenipita, mwalimu."

"Bureti inasoma ngapi?"

Kimya. Halafu: "Ishirini na nne na nukta kumi."

"Bas, andika hiyo hiyo, uikate kwa mstari mmoja, usiifute. Osha chupa, uanze upya."

"Mwalimu, mie nikikosea naona kichwa kizima kinajaa maji."

Nikamwambia aweke mikono juu ya meza mpaka iache kutetemeka, ndipo ashike koki. Ikachukua kama dakika mbili. Niliwahi kudhani wanaopika namba ni wavivu. Wengi ni waoga tu.

Saa 4:30. Mapumziko, mandazi. Mwenzangu wa fizikia ananicheka: "Wewe na hisia zako! Newton alibembelezwa na nani?" Nikamtolea niliyoyasoma. Wanasaikolojia Salovey na Mayer waliieleza akili ya hisia mwaka 1990, mwandishi Goleman akaipa umaarufu kwa kitabu chake cha 1995, na mwaka 2020 watafiti walikusanya tafiti zaidi ya 160 kuhusu akili hiyo na alama za masomo, wanafunzi zaidi ya 42,000 wa nchi 27. Anayezielewa hisia zake na kuzitawala huelekea kupata alama nzuri zaidi, hata ukishahesabu akili yake ya kawaida na bidii yake.

"Na kwenye sayansi?"

Ikanibidi niseme kweli: uhusiano wenyewe si mkubwa, na kwenye sayansi ni mdogo kuliko kwenye masomo ya sanaa.

"Umejifunga goli mwenyewe!"

Hapo kanipata. Asiyejua moli, kile kipimo chetu cha kiasi cha kemikali, kutulia hakumfundishi moli. Lakini yule binti anazijua moli vizuri tu.

Saa 6:30 mchana. Kidato cha Tatu, nadharia. Nauliza kwa Kiingereza, kimya. Nauliza kwa Kiswahili, mikono sita juu. Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, kwa hiyo narudi tena kwenye Kiingereza, polepole.

Saa 8:00 mpaka magharibi. Adhuhuri, wali, twisheni, watoto wangu mwenyewe.

Saa 3:00 usiku. Umeme umekatika, nasahihisha kwa taa ya simu. Karatasi ya binti ina 24.10 iliyokatwa mstari mmoja, inasomeka vizuri. Chini yake 22.30, 22.40, 22.30. Nikampa alama zake.

Inayofuata ni ya jirani yake, yule aliyetulia asubuhi nzima. 22.40, 22.40, 22.40. Bureti zetu kuukuu hazijawahi kumpa mtu bahati hiyo. Nimeiweka pembeni. Kesho nitamwita, tukiwa wawili tu.