Sufuri iliyopotea: siku moja ya karani wa orodha

Saa kumi na mbili na robo asubuhi

Niko Likoni, Mombasa, kwenye msukumano wa feri. Sisi wa miguu hatulipi nauli, basi tunalipa kwa kukanyagwa. Ng'ambo ya pili nachukua tuktuk hadi karibu na Pembe za Ndovu, ilipo ofisi yetu ndogo ya kupeleka watalii. Mama mkwe akiniuliza nafanya nini huko, nasema "kompyuta". Siku niliyomweleza kwamba natunza orodha ya barua pepe, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Na kazi je?"

Saa mbili

Kabla sijagusa chochote, napakua orodha nzima kama ilivyo na kuiweka kando, faili limeandikwa tarehe ya leo. Adabu hii nilifunzwa na msiba. Mwaka jana nilipakia kwenye programu ya kutuma barua faili lenye safu ya lugha isiyojazwa, nikafikiri kisanduku kitupu maana yake "acha kilichopo". Programu ikaelewa "futa". Wajerumani wetu wote wakapoteza lugha yao kwa dakika moja, nami sikuwa na nakala ya akiba. Siku hizi safu nisiyokuwa na habari zake naiondoa kabisa kwenye faili.

Saa tatu

Kijana wa masoko ameleta majina ya maonyesho ya wiki jana, mistari 640. Watu walijaza fomu kwa kalamu, yeye akaziingiza kwenye Excel. Nalifungua faili lake, macho yananitoka. Nambari zilizoanza na 0722 sasa zinaanza na 722, kwa sababu Excel inadhani ni hesabu, na hesabu haina haja ya sufuri mbele. Hizo si kitu: nambari ya simu ya mkononi ya Kenya ikibaki na tarakimu tisa, ikianza na 7 au 1, naibandika 254 mbele na mambo yamekwisha. Balaa ni zile zilizoandikwa kwa +254. Excel imezifupisha kama hesabu kubwa, 2.54722E+11, zinafanana kama pacha, na kwa kuwa alihifadhi kama CSV, faili linalobeba kile tu kinachoonekana, tarakimu za mwisho zimekufa humo humo.

"Fomu zenyewe ziko wapi?"

"Ziko kwenye gari la bosi, dada."

Tumeketi naye tukaziingiza upya moja moja, safari hii safu ikiwa imepangwa kuwa maandishi tangu mwanzo. Amenung'unika, lakini nina hakika hatarudia.

Saa nne na nusu

Mahamri, mbaazi, chai ya tangawizi. Sina la kuongeza.

Saa tano

Usafi. Kuna gmail.con, kuna gmial, kuna nafasi tupu mwisho wa anwani ambayo jicho haliioni ila kompyuta inaiona. Marudio nayatafuta kwa anwani ya barua pepe, si kwa jina. Mji huu ukiita "Fatma!" katikati ya Marikiti watageuka kumi, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Nimetoa marudio 74. Fomu 32 hazikuwekwa alama ya kukubali kupokea matangazo, nazo nimeziweka nje.

Saa saba

Adhana, swala, wali wa nazi. Stima zikapotea dakika ishirini, zikarudi.

Saa nane

Bosi amesimama nyuma ya kiti changu. Kila mwezi anauliza lile lile: wale waliojiondoa, mbona tusiwarudishe kimya kimya? "Si wateja wetu hao?"

Naanza na sheria, maana ndiyo anayoiogopa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla ya kutumia habari zake kibiashara. Kisha namkumbusha Google na Yahoo: tangu Februari 2024, wapokeaji wakilalamika hadi kufikia watatu katika kila elfu, barua zako zitaanza kutupwa kwenye taka, hata zile za watu wanaokupenda. Leo nimeongeza jambo jingine. Nimemfungulia safu ya sababu za kujiondoa, nikamwonyesha mstari wa bibi mmoja wa Ujerumani: *Mume wangu amefariki. Hatutakuja tena.*

Ameusoma mara mbili, akaenda kutafuta kahawa.

Katika faili la leo walikuwamo tisa waliowahi kujiondoa, labda walijaza fomu wakitaka kalamu ya bure. Nimewatoa. Akitaka kurudi kweli, mlango anaujua.

Saa tisa

Sipakii majina 525 yaliyobaki kwa mkupuo. Kwanza mistari mitano ya kujaribia, na huwa naweka jina moja lenye ng', kwa sababu hilo ndilo huvunjika. Kweli, Ng’ang’a ametokea skrini akiwa Ngâ€™angâ€™a. Nikaiambia programu isome faili kwa UTF-8, msimbo wa herufi ambao faili liliandikwa nao, akapona. Nikalinganisha safu na safu, jina kwa jina, simu kwa simu, nikabonyeza.

Wapya 418. Waliosasishwa 96. Waliokataliwa 11.

Saa kumi na nusu

Wale 11 nawaandika kwenye karatasi na kuwapigia. Wengi walisahau alama ya @ tu. Wa mwisho ni mzee wa Kisauni, sauti ya pole pole.

"Shikamoo mzee. Anwani yako ya barua pepe haijakamilika."

"Marahaba mwanangu. Hiyo si yangu, ni ya mjukuu. Naye yuko bweni, arudi Ijumaa."

Nimeandika pembeni mwa karatasi: *Ijumaa, baada ya swala*. Sasa naiwahi feri.