Kutoka mgambo wa Vita vya Kagera hadi parachichi za Njombe

Vijana wanaokuja kuangalia shamba langu huniuliza nilipata wapi ujasiri wa kupanda parachichi wakati kijiji kizima kilikuwa kwenye mahindi. Wakishasikia kwamba nilipigana Uganda, wanajijibu wenyewe: huyu ni askari, ataogopa nini? Nawaacha na jibu lao. Mimi najua kwamba nilichotoka nacho vitani ni hesabu ya posho, yaani chakula na mahitaji ya safari, na hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa.

Mwaka 1978 nilikuwa mgambo, kijana sina mke sina ng'ombe. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na tarehe 2 Novemba Mwalimu akatutangazia kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Sababu na nia hata mtoto wa darasa la kwanza alikuwa nazo. Uwezo ndio uliotutoa jasho. Tulisafirishwa kwa malori, tukapanda treni hadi Mwanza, kisha meli hadi Bukoba, kila mtu akijiona yuko tayari kufyatua risasi. Daraja la Kyaka, la kuvukia Mto Kagera, lilikuwa limelipuliwa. Kazi tuliyopewa ilikuwa kuchimba mahandaki, kubeba masanduku na kusubiri, mvua za vuli zikitunyeshea mgongoni. Bila daraja vifaru haviendi, na bila unga, maharage na mafuta hata anayetembea kwa miguu haendi. Wakubwa walikuwa wanahesabu magunia kabla ya kuhesabu bunduki. Wakati ule tuliwaona waoga.

Mutukula, mpakani mwa Uganda, ilichukuliwa Januari 1979, Masaka ikafuata Februari, na sehemu kubwa ya safari ile tuliikata kwa miguu. Machi tulikuwa Lukaya, kwenye barabara inayopita katikati ya kinamasi, ambako Amin alikuwa na Walibya upande wake. Siku ya kwanza sisi mgambo tulitawanyika usiku. Siku ya pili brigedi nyingine ikazunguka na kuwapiga ubavuni, njia ya Kampala ikafunguka, na tarehe 11 Aprili mji ulikuwa mikononi mwetu. Wenzangu husimulia shangwe za Kampala. Mimi nilikuwa nimelala na malaria kwenye sakafu ya ghala, kwa hiyo hapo siwezi kuwasaidia.

Baadhi yetu walichukuliwa moja kwa moja jeshini. Mimi nilirudi Njombe kulima. Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Waliokuwepo wanajua mikanda ile ilifungwa kwa muda gani. Tulipanga foleni ya sabuni, tukala unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Hata hivyo mahindi yalinilea vizuri, kwa sababu mbolea ilikuwa ya ruzuku na mnunuzi alikuwa anajulikana. Miaka ya 1990 ruzuku ikaondoka na mnunuzi akaondoka nayo. Nikajaribu viazi mviringo, huko nikakutana na lumbesa: gunia linafungwa na kilemba juu, unalipwa bei ya gunia, kilemba unamzawadia tajiri. Nililima hivyo miaka mingi kwa sababu sikuona kingine.

Kingine kilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2010, watu walipoanza kuzungumzia parachichi za kisasa za aina ya Hass kwa ajili ya soko la nje. Hapa kwetu parachichi za kienyeji zilikuwa chakula cha watoto na nguruwe, zinaoza chini ya mti hakuna anayeinama kuokota. Nilipomwambia jirani yangu kwamba nitaipa parachichi ekari nzima, aliweka chini kikombe chake cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi. "Afande," akaniambia, "nguruwe wako wangapi?"

Mke wangu hakucheka. Aliuliza swali moja tu: mti huo unazaa lini? Nikamwambia ukitunzwa, mavuno ya kueleweka yanaanza kama mwaka wa tatu au wa nne. Akasema, "Sasa hiyo miaka tutakula nini?" Ndipo Kyaka iliponirudia kichwani. Tulikaa na kalamu tukaandika: ada za shule, chumvi, mafuta ya taa, matibabu, mbegu, vibarua wa palizi. Kila kitu mpaka mwaka wa nne, na mbele ya kila kitu tukaandika kitalipwa na nini. Ilipoonekana kwamba posho haitoshi kwa shamba lote, tulipunguza shamba. Tulianza na ekari moja, nyingine zikabaki na mahindi na viazi, na kila posho iliporuhusu tukasogea mbele.

Naliweka hili kabla ya mambo ya udongo kwa sababu nimeona mashamba mengi yakifa hapa jirani, na machache sana yameuawa na ugonjwa. Kuna bwana alipanda eneo lake lote kwa mkupuo, kwa mkopo. Mwaka wa pili miche ikiwa kiunoni hakuwa na pesa ya palizi wala ya ada. Aliuza shamba, na aliyelinunua ndiye anayevuna sasa.

Sasa udongo. Mparachichi unachukia maji yanayotuama kuliko kitu chochote. Mizizi ikikaa kwenye maji inaoza kwa ukungu wa ardhini, na mti unaanza kukauka kuanzia juu. Nilichagua mteremko uliokuwa na miti ya zamani ya miwati, nikaacha bondeni. Bondeni kuna sababu nyingine pia: baridi ya Juni na Julai hushuka na kulala kule, na alfajiri unakuta majani yameungua kama yamepitiwa na moto. Hata mteremkoni, miche michanga niliijengea vibanda vya mabua ya mahindi misimu ya mwanzo.

Mashimo nilichimba sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, mita saba kutoka shimo hadi shimo, na hivyo ekari inachukua takriban miti 80. Udongo wa juu, ule mweusi, weka upande mmoja, na mwekundu wa chini weka upande mwingine. Kwa kurudishia, ule mweusi unachanganywa na samadi iliyooza, na mche unakaa juu kidogo ya usawa wa ardhi ili maji ya mvua yaukimbie. Kuchimba hakukunisumbua. Jeshi lilishanifundisha kuchimba bila kuuliza kwa nini.

Miche ndiyo iliyonisumbua. Ya kununua ilikuwa ghali, na wauzaji wengine walikuwa wanakupa mche wa kienyeji wakiuita Hass, ukaja kugundua baada ya miaka. Nikajifunza kubebesha mwenyewe, yaani kuunganisha kijiti cha Hass kwenye shina la kienyeji, kwa fundi mmoja kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu. Unaotesha kokwa ya kienyeji mpaka shina linene kama penseli. Unalikata juu, unalipasua katikati. Kijiti cha Hass, kutoka kwenye mti unaoujua kwa matunda yake, unakichonga ncha ya chini pande zote mbili kama kabari kwa wembe mkali, mkato mmoja mmoja bila kurudiarudia. Unakitia kwenye ule mpasuko, ganda la huku liguse ganda la kule, unafunga kwa utepe wa nailoni na kukifunika na kifuko ili kisikauke. Fundi wangu alikuwa ananipiga kwenye kidole kila nikigusa pale palipochongwa. "Shikamoo mzee, lakini mkono wako mchafu," anasema. Heshima na nidhamu kwa pamoja. Angefaa kuwa koplo.

Katikati ya mistari tulipanda maharage, tukiyaweka mbali na mashina, na hayo ndiyo yaliyolipa palizi. Kiangazi tulimwagilia kwa ndoo na kutandaza majani makavu kuzunguka mti, bila kugusa shina. Miti ilipoanza kutoa maua niliweka mizinga ya nyuki. Ua la parachichi hufunguka mara mbili, mara ya kwanza likiwa jike na mara ya pili likiwa dume, na Hass na Fuerte, aina nyingine ya parachichi, hupishana saa. Kwa hiyo nina Fuerte chache zilizotawanyika shambani, na nyuki wanafanya kazi yao. Asali ni bonasi ya mke wangu, mimi siulizwi.

Jirani wa ulanzi naye sasa ana miti. Alikuja asubuhi moja, akabisha hodi, "Kamwene," akasimama mlangoni muda mrefu kuliko kawaida, kisha akaomba vijiti vya kubebesha. Nilimpa, lakini kwanza nilimuuliza nguruwe wake wangapi.

Vita iliyobaki ni ya madalali. Dalali anakuja mapema, kabla ya tunda kukomaa, akiwa na mizani yake na pesa taslimu mkononi, na mtu mwenye ada ya shule ya kulipa hawezi kumkataa. Tunda lililochumwa changa haliivi. Linanyauka, linakuwa kama mpira, na jina la parachichi za Njombe linaharibika huko linakokwenda. Kulijua si kazi. Kata tunda moja, tazama ngozi ya kokwa. Ikiwa bado nene na nyeupe, acha. Ikiwa imekuwa nyembamba, ya kahawia, imekauka kama karatasi, chuma, na ukate kwa mkasi ukibakiza kikonyo kidogo, kwa sababu likinyofolewa linaanza kuoza pale pale. Hass haina haraka, itakungoja mtini wiki kadhaa.

Kwenye kikundi chetu tumenunua mizani yetu, na tumeanzisha mfuko mdogo wa kukopeshana ada wakati wa kusubiri matunda yakomae. Dalali wa kwanza msimu huu alishafika. Tulimkatia tunda mbele yake, tukamwonyesha kokwa nyeupe. Ameondoka na lori tupu, na namba yangu ya simu amechukua.