Jua la Kisumu umelizoea, usiku wa ng'ambo bado

Vijana wa Kisumu, Nakuru na Kakamega wanaojiandaa kwa safari ya kazi ng'ambo huulizia baridi: koti gani, viatu gani, soksi ngapi. Joto hawaliulizi. Mtu wa Kondele atababaishwa na jua la wapi? Lakini kiangazi cha 2003 joto liliua watu wapatao 70,000 Ulaya, karibu 15,000 kati yao Ufaransa peke yake. Kiangazi cha 2022 wakafa tena zaidi ya 60,000. Na wengi wa hawa hawakuanguka juani. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, wimbi la joto la mwisho wa Juni 2021 liliua watu 619, na 98 kati ya kila 100 walikufa wakiwa ndani ya nyumba. Zaidi ya nusu walikuwa wakiishi peke yao.

Tofauti iko usiku. Kisumu hufika nyuzi 30 mchana, kisha usiku zinashuka hadi kama 18. Nakuru unajifunika blanketi. Mwili unapumzika. Joto linapopanda, moyo husukuma damu nyingi kwenye ngozi ili ipoe, na kazi hiyo haikomi mpaka hewa ishuke. Paris mwaka 2003 kulikuwa na usiku ambao haukushuka chini ya nyuzi 25. Siku ya kwanza mzee anavumilia, ya pili anachoka, ya tatu moyo unashindwa. Walioumia sana ni waliokaa vyumba vya juu kabisa, chini ya paa la bati. Aliyewahi kukaa nyumba ya mabati isiyo na dari saa nane mchana anaelewa. Ila mabati yetu hupoa jua likizama. Jengo la mawe la ghorofa sita huliweka joto ukutani na kulirudisha usiku kucha.

Na unyevu je? Utazame mtungi wa udongo. Maji hupenya ukutani taratibu, hewa huyakausha kwa nje, yaliyobaki ndani yanapoa. Jasho ni vivyo hivyo. Hewa ikishiba maji, mtungi haupoi, na wewe pia jasho linakutiririka bure. Feni nayo ina mpaka wake: hewa ikipita nyuzi 35 au hivi ina moto kuliko ngozi yako, na ikifika 40 feni inakupuliza kama tanuri. Lowesha leso, jifunike mabegani, tia miguu kwenye beseni la maji baridi.

Dada na kaka mnaokwenda kutunza wazee, msimuulize mzee kama anasikia joto. Atasema yuko sawa, kwa sababu hisia ya joto na kiu hupungua na umri. Dawa za presha zinazokojoza humkausha, na baadhi ya dawa za akili huzuia jasho. Weka kipimajoto chumbani. Nyuzi 26 ni salama. Ikikaa juu ya 31, mhamishe. Madirisha fungua usiku, funga asubuhi kabla nje hakujapata moto kuliko ndani, na lizuie jua kwa nje ya kioo ukiweza, kwani pazia la ndani linalizuia likiwa limeshaingia.

Wanaokwenda Ghuba kwa kazi za nje wajue sheria. Qatar hairuhusu kazi juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Saudia ni saa sita hadi saa tisa, kuanzia 15 Juni. Hatari kubwa ni siku za mwanzo, mwili ukiwa bado haujajifunza kutoa jasho jingi mapema. Mgeni afanye sehemu moja ya tano ya kazi siku ya kwanza, aongeze kiasi hicho kila siku. Maji ni glasi moja kila dakika 15 hadi 20. Usipite kama lita 1.4 kwa saa, chumvi ya damu itashuka.

Mwenzako akianza kuongea ovyo, kuyumba, au kukasirika bila sababu, hicho ni kiharusi cha joto, hata kama bado anatoka jasho. Kungoja jasho likauke ndiko kunakopoteza watu. Piga simu ya dharura, 112 Ulaya, 911 Kanada na Marekani, na usikae ukingoja gari. Mvue nguo, mwingize kwenye maji yenye barafu hadi shingoni huku umeshika kichwa. Hakuna bafu? Mmwagie maji mwili mzima bila kukoma na umpepee. Aliyechanganyikiwa usimnyweshe kitu, yatamwingia mapafuni. Parasetamoli haisaidii, maana hii si homa.

Jambo moja linatuuma. Mwili ukirudishwa Bungoma au Siaya, cheti cha kifo mara nyingi husema moyo ulisimama. Kila moyo husimama mwishoni. Familia iulize kwa maandishi: alikuwa akifanya kazi gani, saa ngapi, siku ya ngapi tangu afike, na joto la mwili lilipimwa likawa nyuzi ngapi.